Lamu mwezi wa Julai: jibu kwa dada wa Moshi

Dada mmoja wa Moshi ameniandikia hivi:

"Shikamoo Bi. Mimi na mume wangu tuna miaka minane ya ndoa na watoto wawili. Desemba iliyopita tulijinyima tukaenda Malindi siku sita, mara yetu ya kwanza kutoka nje ya Tanzania kwa ajili ya mapumziko. Picha tulizoonyeshwa zilikuwa za bahari ya buluu, tukakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa. Vijana wa ufukweni hawakutupa nafasi. Tulikubali mashua ya elfu nne, usiku mume wangu akapiga hesabu akaona ni elfu themanini ya kwetu, akakasirika. Siku ya nne tuligombana, siku ya tano kila mmoja alikula peke yake. Sasa hataki hata kusikia habari ya bahari ya Kenya. Mimi natamani twende Lamu mwezi wa Julai, watoto wakiwa kwa bibi yao. Nitakuwa natupa pesa mara ya pili?"

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umeuliza kabla ya kulipa, maana wengi huniuliza wakiwa wameshashuka gatini na mabegi yao. Nina nyumba ya wageni hapa Mkomani, Lamu, huu mwaka wa 19, na kabla ya hapo nilikaa miaka 4 mapokezi ya hoteli moja Malindi. Marehemu baba alikuwa nahodha. Kwa hiyo likizo za wanandoa nimeziona za kila namna: zilizonoga, na zile ambazo mke hushuka ngazi saa sita za usiku kuniomba chumba cha pili.

Hutatupa pesa. Lakini Julai mtaikuta Lamu ya kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, na Lamu ya kusi siyo ile ya kwenye picha. Mkija mkiijua, mtaipenda. Mkija mkitarajia maji yaliyotulia kama ya kwenye beseni, mtarudia yaleyale ya Malindi.

Nianze na Malindi, kwa sababu shemeji yangu, mumeo, amerudi na uchungu nayo, na ana haki ya kujua kilichomkuta. Maji yale hayakuwa uchafu, yalikuwa udongo. Mto Sabaki huanzia huko juu ukiitwa Athi, ukapita Ukambani, ukaingia Tsavo kwa jina la Galana, kisha ukamwaga baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto hushuka mwekundu. Miezi hiyohiyo ndipo kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inapoanza kushika, na udongo wote ule husukumwa kuja kusini, ndani ya ghuba ya Malindi. Nyinyi mlipanga chumba mbele ya ghuba, mwezi ambao mto umejaa na upepo unausukumia kwenu. Ungekuwa mwezi wa Agosti, upepo ungekuwa umegeuka na udongo unapelekwa kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni.

Aliyewauzia safari ile alipaswa kuwaambia, na hilo linaniuma mimi kama mtu wa pwani. Hata mlipofika, mtu wa hotelini angeweza kusema neno moja tu: "Pandeni matatu mwende Watamu." Si mbali, na kwa kuwa iko kusini zaidi ya mdomo wa mto, mara nyingi huko maji huwa safi wakati Malindi mjini yamechafuka. Mngetoka asubuhi, mkaogelea, njiani mkapita Gede kuyaona magofu ndani ya msitu, mkarudi kulala Malindi. Likizo ingepona siku ya pili tu.

Sasa sikiliza habari ya upepo, maana ndiyo roho ya jibu langu. Bahari yetu ina mabwana wawili. Kaskazi huanza kuingia Novemba au Desemba hadi Machi: joto, jua kali, bahari kwa jumla ni nyepesi, ingawa Januari na Februari upepo huweza kuvuma kwa nguvu mchana. Kusi huingia Aprili na mvua za masika, hupata nguvu zaidi Juni na Julai, kisha hupungua kidogo kidogo hadi Oktoba. Katikati ya mabwana hao kuna tanga mbili, upepo unapokosa msimamo na bahari hulala. Ndiyo ratiba waliyoifuata wazee wetu kwenda Arabuni na Bara Hindi. Hata Vasco da Gama, alipofika Malindi Aprili 1498, alipewa rubani wa kumvusha na akang'oa nanga mwezi uleule kusi ikianza, akafika Calicut mwezi wa Mei. Ufukweni Malindi mnara wake bado umesimama, bila shaka mmepiga picha hapo. Watu hupiga picha mnara, wakausahau upepo uliomchukua.

Kama ruhusa za kazini zinawapa uchaguzi, mimi ningewaambia mje mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Kusi imechoka, mvua za vuli hazijakolea, maji yameanza kuwa maangavu, na wageni wa Krismasi hawajapandisha bei. Februari na mwanzo wa Machi ni chaguo langu la pili. Mei na Juni msije: mvua, na nyumba nyingi za Shela, kijiji cha jirani hapa kisiwani, hufungwa kwa marekebisho.

Lakini umesema Julai, na najua mwenye watoto wa shule hachagui mwezi. Basi Julai tuichukue ilivyo. Asubuhi kuna ubaridi mzuri, wa kutaka shuka. Upepo unavuma mchana kutwa. Ufuko mkubwa wa Shela, ule mrefu wa kama kilomita 12 wenye vilima vya mchanga, hauna mwamba wa kuuzuilia mawimbi kwa mbele, kwa hiyo yanaingia moja kwa moja kutoka bahari kuu. Waogeleaji hodari watayafurahia karibu na ufuko. Asiyejua kuogelea abaki maji ya magotini, na sisemi hivi kwa kutia chumvi. Mwani nao hutupwa pwani miezi hiyo, Malindi na Watamu hasa, na ukikaa siku mbili juani hunuka.

Kwa nini basi bado nakwambia Julai njoo Lamu, usirudi Malindi? Kwa sababu Lamu ina mlango wa bahari kati yake na kisiwa cha Manda. Kusi inapotikisa huko nje, humu ndani maji yamekingwa. Mnavuka kwa boti hadi ufuko wa Manda, mnaoga kwa raha, jahazi zinapita mbele yenu. Kitu kimoja tu: msiogelee kwenye mlango huo upande wa Shela maji yakiwa yanatoka. Mkondo wake unavuta kuelekea nje, na mtu anachoka kabla hajagundua kwamba amesogea.

Hapo ndipo tunafika kwenye kupwa na kujaa, jambo ambalo limeharibu likizo nyingi kuliko mvua. Nyinyi mmelelewa mlimani, bahari kwenu ni kitu kinachokaa mahali pake. Sivyo. Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Baba alinifundisha kuyasoma kwa mwezi nikiwa na miaka saba, na sijawahi kuhitaji kitu kingine. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa sana kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zake ni kinyume, yanajaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi. Ukishika hilo, unaweza kukaa Moshi na kalenda yenye alama za mwezi ukajua siku gani asubuhi mtaoga na siku gani asubuhi mtatembea kwenye mchanga mtupu.

Halafu ujue kila saa ina kazi yake. Kutembea kwa miguu kutoka mjini hadi Shela, mwendo wa dakika 45 hivi kando ya bahari, kunataka maji yaliyopwa, maana yakijaa sehemu za njia humezwa. Kuangalia matumbawe kwa boti ya kioo, kule Malindi, kunataka maji yaliyopwa. Kwenda Takwa, kule kwenye magofu ya Manda, kunataka maji yanayojaa, kwa sababu njia yake ni mkono wa bahari unaopenya ndani ya mikoko.

Hiyo Takwa nikueleze kwa urefu. Miaka michache nyuma nilikuwa na wageni, mume na mke, wametoka nje kama nyinyi, wamefunga ndoa mwaka uleule. Jioni walimpata kijana mmoja gatini, wakapatana naye bei rahisi bila kuniambia. Wakaondoka saa moja asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Kama unahesabu nami, maji yalikuwa yamejaa alfajiri na sasa yanakimbia. Waliingia mikokoni maji yakiwa kiunoni, wakashuka kuangalia magofu, waliporudi boti imekaa juu ya tope. Saa tatu hiyo. Kijana akawaambia, "Dakika kumi tu." Hakukuwa na dakika kumi. Walikaa pale hadi saa nane kasoro, chupa moja ya maji, jua la utosini, usubi wa mikoko wakiwauma miguu.

Waliporudi nilikuwa ukumbini nachambua mchele. Mke alipita akapanda juu, mguu mmoja una ndala na mwingine una tope hadi gotini. Mume akakaa kwenye ngazi na kofia mkononi. Nilidhani wamegombana kwa sababu ya boti. Baadaye mke aliniambia, "Bi, boti siyo shida. Nilimwambia mapema turudi, naona maji yanapungua. Akanijibu nisimwaibishe mbele ya yule kijana." Unaona lilipokuwa jeraha lenyewe? Jioni ile sikuwauliza tena. Niliwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikawaandalia sinia moja, mikono miwili ndani ya sinia moja. Mume akachambua miiba, akasukuma minofu upande wa mkewe. Hawakusema kitu kwa muda. Kesho yake niliwapeleka kwa nahodha ninayemwamini, saa nilizozichagua mimi, na walikaa siku nne zaidi.

Kwa hiyo pesa yenu ya kwanza iwe kwa nahodha mzuri. Mwulize mwenye nyumba mnayolala, si mtu wa kwanza gatini. Kabla ya kufungua kamba mkubaliane yote: tunaondoka saa ngapi, tunarudi saa ngapi, chakula ni cha nani, mafuta ya injini ni ya nani, na jumla ni shilingi ngapi kwa wote wawili, si kwa mtu. Lipeni nusu, nusu nyingine mkirudi. Nahodha mwaminifu hakasiriki kwa maswali haya, na mara nyingi atawaambia mwenyewe, "Kesho maji hayafai, twendeni keshokutwa." Huyo mshikeni.

Habari ya elfu nne imenigusa, kwa sababu nimeiona mara nyingi kwa wageni wa Tanzania. Lugha ni moja, jina la pesa ni moja, na masikio yanadanganyika. Ukiambiwa elfu nne, moyo unasikia ya nyumbani. Shilingi moja yetu ni takriban 20 zenu, ingawa hupanda na kushuka. Basi fanyeni hivi: kabla ya kuvuka mpaka, kaeni mezani nyumbani mgawe fungu la kila siku kwa shilingi za Kenya, mliandike, na kuanzia hapo msihesabu tena kwa za kwenu. Anayehesabu kila soda kwa pesa za nyumbani hawezi kustarehe, na mwenzake hawezi pia. Wekeni na fungu dogo la kila mmoja ambalo haulizwi. Yeye akinunua mkufu wa fedha, wewe usiulize. Ukipakwa hina na piko, yeye asiulize.

Vijana wa ufukweni: Lamu wapo, ila wachache kuliko Malindi. Kosa mlilofanya pengine ni kuwapita kimya mkiangalia chini. Pwani hiyo ni dharau, na mtu aliyedharauliwa hukufuata. Simama, salimu vizuri, waambie, "Ahsante ndugu zangu, tayari tuna mtu wetu." Kiswahili chenu ni ngao kubwa ambayo mgeni wa Ulaya hana. Kitumieni.

Kuna mengine ambayo shemeji lazima ayajue kabla, sio akiwa ameshafika. Lamu ni mji wa dini. Nguo za kuogelea ni za ufukweni; ukiingia vichochoroni jifunge leso, naye avae shati. Kuongozana hakuna neno, lakini mahaba yabaki chumbani. Bia mjini ni shida kupata. Shela na Manda ziko hoteli zinazouza, kwa bei yake. Kama kwake bia ya jioni ndiyo likizo, laleni Shela, msilale mjini. Adhana ya alfajiri itawaamsha, na punda watapiga kelele usiku. Na angalieni Maulidi isiwe imeangukia siku zenu kama mnataka utulivu, kwa kuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mji huu hujaa watu hadi vyumba hukosekana. Mimi mwenyewe naona ndizo siku nzuri kuliko zote.

Njia: pasipoti mnazo, viza Mtanzania haombi. Kutoka Moshi mtapita Holili na Taveta, Voi, hadi Mombasa. Laleni hapo. Mombasa hadi Mokowe kwa basi ni safari ya mchana kutwa kupitia Malindi, Garsen na Witu, kisha boti. Kuhusu usalama nitasema wazi: barabara ile ilipata matatizo makubwa, na shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 halijasahaulika. Vizuizi vya polisi vipo, mabasi husafiri mchana, na mtu asikushawishi kupanda gari dogo jioni. Sikilizeni habari wiki ya safari. Mkiweza kumudu ndege kutoka Nairobi, inashuka Manda, na dakika chache kwa boti mko Lamu bila uchovu wa siku mbili. Kwa likizo fupi mimi ningekata siku moja ya hoteli nikalipia ndege. Ila mkija kwa basi, siku mnayofika msipange jambo lolote. Ogeni, kuleni, laleni. Ugomvi mwingi wa wanandoa niliousikia ulianza siku ya kwanza, wakiwa na njaa na vumbi.

Na sasa lile ambalo hukuniuliza. Umesema mligombana siku ya nne. Kwangu wengi hugombana siku ya tatu au ya nne, hata bahari ikiwa nzuri. Nyumbani nyinyi huonana usiku, mmechoka, watoto katikati. Halafu ghafla mko wawili tu, saa 24, chumba kimoja, na kila mmoja amekuja na likizo yake kichwani: wewe pengine ulitaka muongee, yeye alitaka alale. Maji ya chai yalipotokea, kila mmoja akapata pa kumwagia hasira. Muulize kabla hamjafunga mabegi anataka nini hasa. Muulize kweli, na usikilize jibu hata kama ni kulala.

Kisha siku ya tatu achaneni kwa makusudi, kutoka baada ya chai hadi adhuhuri. Yeye aende Matondoni akaangalie mafundi wanavyounda mashua, ubao na msumari, au akae barazani na wazee wa bao, hawatamwacha aondoke. Wewe nenda sokoni mbele ya ngome, kisha kwa mpaka hina. Mkikutana mezani mtakuwa na la kusimuliana, jambo ambalo siku ya tatu ya kukaa pamoja huwa limekwisha.

Niandikie tarehe ambazo mnaweza kupata ruhusa, hata kama ni wiki mbili au tatu tofauti, nikuhesabie maji ya kila siku. Julai ningependa mfike siku tatu nne kabla ya mwezi mpevu, ili jioni za mwisho maji yawe yamejaa na nahodha wangu awatoe kwa tanga jua likizama, mrudi mwezi ukiwa juu ya Manda. Shemeji mwambie nasalimia, na kwamba chumba cha juu, chenye upepo, nimekishika hadi nisikie kutoka kwenu.